Waliniuliza mtaa unataka nini: tathmini ya mteja wa mara tatu

Kuna huduma moja ambayo watu hawaihesabu kuwa huduma, kwa hiyo sijaona anayeiandikia tathmini. Ni ile ya halmashauri kuja mtaani kuwauliza wakazi: fedha za maendeleo zipo, tuanze na nini? Ina wahudumu wake, ina fomu zake, ina saa za kufungua na kufunga, tunailipia kwa kodi, na inaweza kukumalizia siku kama foleni nyingine yoyote. Kwa miaka sita nimehudumiwa mara tatu. Mara ya kwanza sikuwapa hata nyota moja. Mara ya pili niliwapa moja, tena kwa ajili ya ramani. Mara ya tatu, iliyoisha mwaka jana, nimewapa tatu na nusu kati ya tano.

Mimi ni fundi cherehani, na naitaja kazi yangu kwa sababu hasira zangu zinatoka humo. Mteja akiingia kibandani kwangu, kabla hajafungua mdomo kuhusu mshono, namuuliza ana kitambaa kiasi gani. Akiniambia mita mbili, basi habari za gauni la marinda hatuzianzi. Tunapanga ndani ya zile mita mbili, na hapo ndipo ubunifu unapotakiwa. Sasa fikiria fundi anayekuuliza unataka mshono gani, anaandika yote uliyosema, anakushukuru, halafu baada ya miezi minane anakuletea leso.

Hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza.

Lilikuja dodoso, karatasi moja iliyochapwa pande zote mbili, likigawiwa nyumba kwa nyumba na kijana aliyekuwa na haraka. Maswali kumi na moja. Kurudisha ndani ya siku tano, kwenye sanduku lililokuwa ndani ya ofisi ya kata, na ofisi inafungwa saa tisa na nusu. Sisi tunaofunga kazi saa moja jioni tulitakiwa turuke ukuta, nadhani. Swali la nne ndilo lililobeba uzito: panga vipaumbele vifuatavyo kuanzia 1 hadi 8. Barabara, miundombinu, maji, mazingira, usalama, vijana, afya, mengineyo.

Nilikaa na kalamu nikatazama. Barabara si miundombinu? Mtaro unaofurika na kuingiza uchafu kwenye nyumba za watu wa bondeni, huo ni barabara, ni maji, ni mazingira au ni afya? Na hiyo "mengineyo" inapangwaje? Mimi niliipa 8 kwa sababu lazima ipate namba. Jirani yangu wa ukuta wa pili aliipa 1 kwa sababu kila alichokitaka hakikuwa kwenye orodha. Na mahali fulani kuna mtu alikaa akajumlisha namba yangu na yake, akagawanya kwa mbili, akapata kitu.

Majibu yalipobandikwa yalikuwa na sentensi moja: wakazi wametaja barabara kuwa kipaumbele cha kwanza. Barabara ipi, hakuna. Miezi mitatu baadaye greda likaja, nikafurahi kama wenzangu, mpaka nilipopita karibu na bango la mkandarasi. Mabango yale huwa hayasomwi na mtu, lakini mimi nina ugonjwa wa kusoma kila kilichoandikwa. Tarehe ya kusaini mkataba ilikuwa miezi miwili kabla ya dodoso kuingia mtaani. Yaani tulikuwa tunaulizwa tunataka mshono gani na nguo ilikwisha kukatwa.

Hasira ilinipeleka kusoma. Nikakuta kwamba jambo hili lina watu waliolifikiria kabla yangu. Mwaka 1985 huko Uingereza ilisikilizwa kesi dhidi ya halmashauri ya Brent, London, iliyotaka kufunga shule. Mwanasheria Stephen Sedley aliweka mezani masharti manne ya kuomba maoni ya watu kwa haki, jaji akayakubali, na mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikayapa uzito wake katika kesi nyingine ya halmashauri ya Haringey. Moja, watu waulizwe wakati jambo bado halijaamuliwa. Mbili, wapewe maelezo ya kutosha ili wajibu kwa akili. Tatu, wapewe muda wa kutosha kufikiri na kujibu. Nne, walichosema kizingatiwe kwa dhati kabla ya uamuzi kutolewa. Niliyanakili nyuma ya kadi ya vipimo, ile ninayoandikia kifua na kiuno cha mteja, nikaibandika juu ya cherehani. Toka siku hiyo ndiyo kipimo changu. Dodoso lile lilianguka yote manne.

Mara ya pili ilikuwa mkutano. Saa nne asubuhi, siku ya kazi. Nilifunga kibanda nikaenda, nikakaa nyuma kabisa, nikahesabu vichwa: 41. Wengi walikuwa wazee na watu ambao siku ile hawakuwa na kibarua. Wapangaji hawakuja, na nilipomuuliza mmoja jioni akanijibu, "Mimi mpangaji tu, fundi, mambo ya mtaa ni ya wenye nyumba." Amekaa mtaani miaka tisa huyo. Hotuba za utangulizi zilichukua dakika hamsini. Maswali yakapewa ishirini. Waliosema ni sita, mwanamke mmoja, na watatu kati ya hao sita walianza kwa kutaja vyeo vyao.

Lakini ukutani palikuwa na ramani ya mtaa, kubwa, ya picha ya angani, na kila aliyeingia alipewa stika tatu za kijani na tatu nyekundu. Kijani bandika unapopapenda, nyekundu panapokuumiza. Watu ambao wasingeshika kipaza sauti hata kwa kulipwa walisogea pale wakaanza kutafuta mapaa ya nyumba zao. "Hii si ni kwa mama fulani? Na ule mti wetu huo." Ilipofika mwisho, stika nyekundu zilikuwa zimerundikana mahali pamoja, kwenye kona ya bondeni ambako maji huingia majumbani, mpaka nyingine zikabandikwa juu ya nyingine na zikawa zinadondoka. Hukuhitaji kujua kusoma. Kwa ile ramani peke yake niliwapa nyota yao moja.

Kilichoharibu ni mengine. Yule mwanamke mmoja alisimama akaomba gari la taka lipite mara mbili kwa wiki badala ya mara moja. Watu wakapiga makofi. Afisa akajibu kwa upole, "Mama, hizi ni fedha za maendeleo. Kuzoa taka ni matumizi ya kawaida, ni fungu jingine." Na alisema kweli. Fedha za maendeleo ni za kujenga au kununua kitu cha kudumu. Mishahara, mafuta ya gari, kufagia, kuzibua, hayo yanatoka kwenye matumizi ya kawaida, na kanuni haziruhusu kuyachanganya. Ila jambo kama hilo linaandikwa mstari wa kwanza wa tangazo, kwa herufi nene, halimwangukii mtu baada ya kupigiwa makofi. Mama wa watu alikaa chini na hakunyoosha mkono tena.

Halafu kuna jingine ambalo hata afisa hakuligusa. Kila unachojenga kwa fungu la kwanza kinazaa deni kwenye fungu la pili. Taa zinataka umeme na balbu. Choo cha umma kinataka mtu wa kukisafisha na maji ya kusafishia. Uwanja unataka wa kufyeka. Ukiniuliza nataka nini bila kunionyesha nani atakitunza, unaniuliza nusu ya swali.

Mwishoni nikanyoosha mkono, nikauliza swali langu la kibandani: kitambaa ni kiasi gani? Afisa akajibu kwamba itategemea makusanyo. Sikatai, makusanyo hupanda na kushuka. Lakini mtu unakuwa na makadirio. Hata makadirio hatukupewa.

Hapo nitoke kidogo nje ya mtaa. Bajeti shirikishi, kama inavyoitwa na wenye kazi zao, ilianzia Porto Alegre, Brazil, mwaka 1989, chini ya meya Olívio Dutra wa chama cha wafanyakazi. Nilichokipenda kwao si mikutano, mikutano kila mtu anaweza. Nilipenda hesabu. Mji uligawanywa kanda 16, na fedha ziligawiwa kwa alama za wazi: kanda ina watu wangapi, imepungukiwa kiasi gani na huduma inayoombwa, na wakazi wenyewe wameiweka huduma hiyo nafasi ya ngapi. Kwa hiyo kanda isiyo na maji safi ilikuwa na alama zake kabla hata hajasimama mtu wa kupiga kelele. Mpango ule ulienea duniani kote, halafu mwaka 2017 huko huko kwao ukasimamishwa. Ulikuwa umedumu kwa ridhaa ya waliokuwa ofisini. Poland walikwenda njia nyingine: sheria ya mwaka 2018 inailazimisha miji yao mikubwa itenge angalau asilimia 0.5 ya matumizi yake kwa ajili ya kura za wakazi. Asilimia nusu ni kidogo, ndiyo, lakini huisubiri kwa hisani ya mtu.

Na kuna Mmarekani, Sherry Arnstein, ambaye mwaka 1969 alichora ngazi ya vidato vinane vya kumshirikisha mwananchi, kuanzia kudanganywa chini kabisa mpaka mwananchi kushika usukani juu. Kuombwa maoni ni kidato cha nne. Yeye alikiweka kwenye kundi la ushirikishwaji wa jina tu. Kwa lugha yetu, danganya toto. Niliposoma hivyo nilicheka peke yangu hadi mteja akadhani namcheka yeye.

Sasa mara ya tatu.

Safari hii ilianza tofauti. Alikuja binti mmoja, afisa mpya, akapita vibandani na majumbani kwa wiki nzima kabla ya chochote, akiuliza swali moja tu: unapata nafasi saa ngapi? Watu wakamwambia jioni. Akaweka jioni. Ni jambo dogo la kipuuzi, unaona, na lilichukua miaka minne kugunduliwa.

Tukaanza na matembezi, saa kumi na moja jioni, tukiwa kama thelathini, pamoja na mhandisi wa halmashauri. Tulikwenda moja kwa moja kwenye kona ya stika nyekundu. Kila mmoja wetu alikuwa na maelezo yale yale ya miaka yote: mtaro ni mwembamba, tanueni mtaro. Mhandisi hakubishana. Alivua viatu, akavaa mabuti, akashuka. Akatoa tepu ya chuma, akapima: upana sentimita 90, kina sentimita 70. Akaandika. Akatembea ndani ya mtaro mpaka pale unapopita chini ya barabara, akachuchumaa, akamwomba mtoto mmoja amletee fimbo. Bomba la kalavati lile lina kipenyo cha sentimita 60. Aliingiza fimbo kwa juu, ikapita. Akaiingiza katikati, ikagota kwenye mchanga. Chini, mchanga. Sehemu iliyokuwa wazi haikufika hata robo ya bomba.

"Mtaro wenu hauna shida," alisema, bado amechuchumaa. "Maji yanafika hapa, hayana pa kupita, yanarudi kwenu."

Palikuwa kimya. Tuliomba kutanuliwa mtaro kwenye dodoso, tukaomba kwenye mkutano, na kama wangetusikiliza wangetanua, fedha zingekwisha, na maji yangerudi kwenye nyumba zile zile kwa njia pana zaidi. Dawa ilikuwa kalavati kubwa na shimo la kunasia mchanga kabla yake, lenye mfuniko wa kufunguka. Nilimwelewa haraka kwa sababu naijua hali hiyo. Mteja anakuja analalamika mkono wa shati unabana. Ukitanua mkono, bado unabana, kwa sababu kosa liko begani. Mteja hajadanganya. Pale anaposikia kubanwa ni kweli panabana.

Na yeye mhandisi alisahihishwa jioni ile ile. Ramani yake ilikuwa na kivuko cha waenda kwa miguu mbele ya geti la shule. Mama mmoja aliyembeba mtoto mgongoni akamwambia, "Mwanangu, hapo hawavuki." Akamchukua hatua kama sitini kuteremka, mahali ambapo njia ya uchochoro inatokea barabarani kati ya nyumba mbili, akamwonyesha majani yalivyokanyagwa pande zote mbili mpaka udongo unang'aa. Watoto wanakata njia. Geti wanalifikia kwa pembeni. Mhandisi aliyatazama yale majani, akapima umbali wa kuona magari kutoka kila upande, akafuta alama kwenye karatasi yake na kuchora nyingine. Kwa jioni ile tu ningewapa nyota zote tano na kuwaongezea moja mfukoni mwangu.

Wiki iliyofuata tukakaa kupanga. Binti alikuja na kadi sita, kila moja mradi mmoja, na gharama yake. Si kwa fedha kamili, kwa mafungu: fedha zote za mtaa aliziita mafungu 20, kila fungu asilimia tano. Kitambaa, hatimaye! Alikuwa amekata vijikaratasi vya kuchezea hesabu, lakini tulikuwa barazani na upepo ukavipeperusha vyote hadi barabarani. Nikaingia ndani nikatoa kopo langu la vifungo. Vifungo 20 kwa kila kundi la watu watano, nikavihesabu mwenyewe kwa sababu vifungo ni mali.

Kalavati na shimo lake, vifungo 9. Uwanja wa watoto, 8. Choo cha umma, 7. Taa sita za barabarani, 6. Benchi na miti ya kivuli, 3. Kivuko, 2. Jumla 35. Na mkononi una 20.

Sijawahi kuona watu wazima wakinyamaza vile. Kwenye mkutano wa stika kila mtu alitaka kila kitu, na kutaka kulikuwa bure. Hapa, ukiweka uwanja na taa, unabaki ukizungusha kadi ya kalavati mkononi, vifungo vilivyobaki haviifiki. Kwenye kundi langu alikuwepo mzee mmoja anayekaa kwenye maghorofa ya juu, ambako maji hayafiki hata siku moja. Alikuwa amekuja kwa ajili ya uwanja, ana wajukuu wanne wanaochezea mpira kwenye ngazi. Akahesabu 8 akaviweka kwenye uwanja bila kutuuliza. Tukamwacha. Akatazama vilivyobaki, 12. Alikuwepo siku ya fimbo na mchanga. Akasukuma 9 kwenye kalavati, taratibu, kimoja kimoja. Akaweka 2 kwenye kivuko. Kikabaki kimoja, cheupe cha shati, akakishika kati ya vidole viwili.

"Hiki kinanunua nini?"

"Hakinunui kitu, mzee," binti akamjibu. "Hakuna mradi wa kifungo kimoja."

"Basi kiwe cha mtu wa kuchota mchanga kwenye hilo shimo. Au litajichota lenyewe?"

Binti akaanza kumweleza ya fungu la maendeleo na matumizi ya kawaida, akaishia katikati, akafungua daftari akaandika. Nilimwona akiandika.

Kisha ikaja kura, wiki mbili, kwa simu au kwa karatasi, kila mtu miradi mitatu. Hapa lazima niwakate. Kura ya simu ilihitaji namba ya siri inayotumwa kwa ujumbe mfupi, na simu moja ilikubali mtu mmoja. Kwetu tuko watu wazima wanne na simu mbili. Masanduku ya karatasi yalikuwa mawili tu, na moja lilikuwa kibandani kwangu kwa sababu nililiomba. Na umri ulikuwa kuanzia miaka 18. Tunapigia kura uwanja wa watoto, na hakuna mtoto mwenye kura! New York wamekuwa na bajeti shirikishi tangu mwaka 2011, na huko wanaruhusu kura tangu umri wa miaka 11, tena bila kumuuliza mtu ni raia au si raia. Ukikaa mtaani, una kura. Jirani yangu mpangaji wa miaka tisa angelielewa hilo vizuri.

Kosa kubwa zaidi lilikuwa kwenye kuhesabu. Mradi wenye kura nyingi unachukuliwa kwanza, unafuata wa pili, mpaka fedha ziishe. Inasikika kuwa ni haki. Lakini maghorofa ya juu yana watu wengi, na nyumba za bondeni ni chache. Watu wa juu wakikubaliana uwanja, taa na benchi, vifungo 17 vimekwenda, na bondeni wanabaki na ndoo zao za kuchotea maji, kila mwaka, na kila mwaka kura itakuwa halali. Wenzetu wamelitafutia dawa. Paris, walioanza kura zao mwaka 2014, baadaye walitenga sehemu maalumu kwa ajili ya mitaa ya watu wa kipato cha chini. Na mwaka 2023 miji midogo miwili, Wieliczka ya Poland na Aarau ya Uswisi, ilitumia hesabu ya mgao sawa: fedha zote zinagawanywa kwa wapiga kura kama vile kila mmoja ana pochi yake, na mradi unapita pale waliouchagua wanapoweza kuulipia kwa pochi zao. Pochi yako ikishalipia uwanja, imepungua, huwezi kuitumia tena kuwashinda wa bondeni. Niliielewa hesabu hiyo kwa dakika tano, nikiwa nafuma lupu za koti. Kwa hiyo sitaki kuambiwa kwamba ni ngumu kwa halmashauri.

Kwetu tulinusurika kwa bahati, na bahati yenyewe ilikuwa na miguu. Mzee wa vifungo alipanda ngazi za maghorofa akawaeleza wenzake habari za fimbo. Uwanja uliongoza, kama ilivyotarajiwa. Kalavati ikashika nafasi ya pili, ikizishinda taa kwa kura 11. Baada ya hapo vifungo vilivyobaki ni vitatu, na kivuko kilipata kura nyingi kuliko benchi. Jumla 19. Kama mzee yule angekuwa na goti bovu siku ile, leo ningekuwa naandika tathmini nyingine.

Kuhusu majibu, walinishangaza. Ilibandikwa karatasi ofisini na nakala ikaletwa kibandani, yenye safu tatu: mlichosema, tulichoamua, kwa nini. Kwenye mstari wa taa waliandika kwamba hapana kwa mwaka huu, fedha hazitoshi, ila nguzo mbili za zamani zitafungwa balbu mpya. Kwenye choo waliandika hapana, na sababu ni kwamba eneo lenyewe lina mgogoro wa umiliki. Nilisoma mara tatu. Ilikuwa mara ya kwanza kwa ofisi yoyote kuniambia hapana na kunieleza kwa nini, na niliipokea vizuri kuliko zile "maoni yenu yamepokelewa" za miaka ya nyuma. Nikatazama kadi juu ya cherehani. Sharti la nne, nikaweka alama ya vema kwa chaki ya kukatia.

Ujenzi ulikwenda. Kivuko kimechorwa kwenye uchochoro, pale pale kwenye majani. Uwanja una bembea mbili na vumbi la kutosha, watoto wamehama ngazini. Kalavati jipya lilikamilika kabla ya mvua, na mvua kubwa ya kwanza ilipopiga, watu wa bondeni walitoka usiku na tochi kwenda kuliangalia kama watu wanaokwenda kumwona mtoto mchanga. Maji yalipita.

Nyota moja na nusu iliyopungua ni hii. Nyota moja nimeikata kwa kura ya simu, umri na ile namna ya kuhesabu. Hayo waniambie tu kwamba duru ijayo yatabadilika, nitawarudishia bila ubishi. Nusu ni ya kifungo cha mzee. Binti aliandika, na kwenye karatasi ya safu tatu ulikuwepo mstari wake: mtu wa kusafisha shimo la mchanga. Safu ya uamuzi imeandikwa "inashughulikiwa". Safu ya kwa nini iko wazi. Ni miezi saba sasa, na binti mwenyewe amehamishiwa kata nyingine. Nimekwenda ofisini mara mbili kuuliza, nikaambiwa suala liko kwenye matumizi ya kawaida.

Jumamosi iliyopita mimi na mzee tulifungua ule mfuniko. Nilikwenda na futi yangu ya kitambaa, nikaifunga jiwe nikaishusha. Shimo lina kina cha mita moja. Mchanga umefika sentimita 62. Nimeyaandika nyuma ya kadi, chini ya masharti manne, na tarehe.